Sekela na Waya Uliovaa Sweta

Sogeeni, watoto, sogeeni. Na wewe unayetikisa mguu, sogea pia. Hadithi hii ni ya mwenzako.

Mwenzako huyo anaitwa Sekela. Ana miaka sita, na anakaa juu milimani, Uporoto. Huko, kipupwe kikija, hata maji ya kunawa yanauma.

Mwaka huu kipupwe kilikuta vifaranga ndani ya nyumba. Kumi na mmoja, kwenye boksi, nyuma ya kochi.

Mama yao alichukuliwa na kicheche. Kwa hiyo Baba akawawekea taa juu ya boksi, iwape joto. Waya mrefu ulitoka ukutani, ukapita nyuma ya kochi, ukafika kwenye taa.

"Hawa ni wako," Baba akamwambia Sekela. "Wewe ndiye mama yao sasa."

"Piyo, piyo, piyo!" wakasema vifaranga.

Basi Sekela akawa mama. Na alikuwa mama kweli, si mchezo!

Siku moja ya baridi kali, aliutazama ule waya. Akawaza: joto linatoka ukutani, linapita humu, linakwenda kwa wanangu. Je, likipoa njiani?

Akachukua sweta lake la zamani. Akauviringishia waya, mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakumwambia mtu.

Kipupwe kikaisha. Jua likarudi, mablanketi yakaanikwa uani, na Shangazi Tusa akaja.

Shangazi Tusa ni dada yake Baba, na ni fundi umeme. Kila kipupwe kikiisha, hupita nyumba zote za ndugu kukagua umeme.

"Wakati wa baridi mnawasha kila kitu," husema. "Nyaya nazo huchoka, kama watu."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama vifaranga. Leo tunakagua pamoja. Wimbo wangu unaukumbuka?"

Sekela anaukumbuka sana:

"Tazama kwa macho,
nusa kwa pua,
mikono mgongoni!"

Shangazi akaenda kwenye swichi kubwa ukutani. "Kwanza tunazima umeme wote," akasema.

Tak! Taa ya vifaranga ikazimika.

"Piyo! Piyo! Piyo!"

"Shangazi, watapata baridi!" Sekela akalia. "Watakufa!"

"Hawafi, mwanangu. Ni muda mfupi tu."

Muda mfupi! Kamwambie hivyo mama mwenye watoto kumi na mmoja.

Sekela akakaa. Sekela akainuka. Miguu haitulii, na moyo ndio kabisa!

Wakaanza na birika la umeme. Wakatazama, wakanusa. Birika lilikuwa zima.

Wakaja kwenye pasi. Waya wake ulikuwa umechanika karibu na plagi. "Hii tusiitumie mpaka niitengeneze," akasema Shangazi, akaiweka kwenye mkoba wake.

"Tazama kwa macho,
nusa kwa pua,
mikono mgongoni!"

Sekela aliimba, lakini macho yake yalikuwa kwenye kochi. Sweta! Shangazi akiliona, atalitoa. Akilitoa, joto litapoa njiani. Na wanangu je?

Sekela akakaa. Sekela akainuka. Akaenda kwenye boksi, akarudi. Akaenda tena.

"Wewe, una siafu kwenye nguo?" akauliza Shangazi.

"Hapana, Shangazi."

"Mbona unaruka ruka?"

Sekela akaenda tena kwenye boksi. Na hapo pua yake ikanusa kitu.

Si vifaranga. Harufu ya vifaranga anaijua, tena anaijua mno! Hii ilikuwa harufu ya plastiki iliyoungua.

Akachungulia nyuma ya kochi. Sweta lilikuwa na doa la kahawia. Katikati ya doa palikuwa na tundu.

Mkono wa Sekela ukatoka mgongoni, polepole. Ulitaka kulivuta lile sweta na kulificha. Nani angejua?

"Piyo," akasema kifaranga mmoja, mdogo kuliko wote.

Sekela akautazama mkono wake. Akaurudisha mgongoni, akaushika kwa mkono wa pili, usimponyoke tena. Kisha akapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Shangazi! Njoo! Kuna kitu kinanuka!"

Shangazi akaja mbio. Akachomoa plagi ukutani, akavuta kochi. Akalifungua sweta, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Ngozi ya waya ilikuwa imeyeyuka. Shaba ya ndani ilikuwa imetokeza, nyekundu, tupu.

Shangazi akalitazama sweta, akamtazama Sekela.

"Ni mimi," Sekela akasema, na machozi yakaanza. "Ni mimi niliyeuvika. Sikutaka joto lipoe njiani."

Shangazi akapiga magoti mbele yake.

"Sikiliza, mwanangu. Waya hausikii baridi. Unapofanya kazi hupata joto, nalo joto linataka kutoka. Ukiufunika, joto linakosa pa kutokea. Waya unaungua."

"Na wanangu?"

"Moto ungeanza hapa. Ungefika kwenye boksi. Halafu nyumba nzima."

Sekela akalia kweli kweli. Akalia mpaka kwikwi ikamshika.

Shangazi akamvuta kifuani. "Lakini hukugusa," akasema. "Na hukuficha. Umeniita, na wanao ni wazima. Wasikie."

"Piyo, piyo, piyo!"

Shangazi akatoa koleo lake. Kacha! Akaukata ule waya vipande viwili, usitumike tena na mtu yeyote.

"Sasa watalala bila taa?" akauliza Sekela.

Shangazi akamtoa kifaranga mmoja, akamkunjulia bawa. "Hiki nini?"

"Manyoya."

"Na hapa kifuani?"

"Manyoya."

"Basi wamekua! Wamevaa masweta yao wenyewe. Ni mama yao tu ambaye hajaona."

Sekela akatazama. Loo, kweli! Vile vipira vya pamba vilikwenda wapi? Hawa walikuwa na mabawa, na mikia, na shingo ndefu za utundu.

Wakawatoa uani, kwenye jua. Vifaranga wakakimbia huku, wakakimbia kule. Mmoja akapanda juu ya blanketi la Bibi, akaacha alichoacha. Bibi akamkemea, "We! Ndio nimelifua sasa hivi!"

Jua likazama. Vifaranga wakarudi kwenye boksi, juu ya nyasi kavu nyingi. Taa haikuwepo.

Sekela akakaa. Sekela akainuka. Akaweka sikio kwenye boksi.

"Piyo, piyo…"

Akangoja.

"Piyo…"

Akangoja tena. Kimya.

Kimya! Sekela akafunua boksi haraka.

Walikuwa wamelundikana pamoja, mmoja juu ya mwenzake. Macho wameyafumba. Migongo yao midogo ilipanda na kushuka, kupanda na kushuka.

Sekela akawahesabu, mpaka kumi na mmoja. Akaingiza kidole katikati yao. Palikuwa na joto, joto lao wenyewe.

Mlango ukafunguka. Baba akaingia, buti zake zikigonga sakafu, ko! ko! ko!

"Sekela! Muda wa kulala…"

"Shhh! Baba!" akanong'ona Sekela. "Wanangu wamelala."

Baba akasimama palepale. Akainama, akavua buti la kulia, akavua la kushoto, akapita kwa ncha za vidole.