Breki Zilizozibwa Mdomo

Nyumbani kwao asubuhi ilianza kwa harufu ya mkate. Mama alikuwa mwokaji, na kabla jua halijachomoza vizuri mikate ilikuwa imeshatoka tanurini na kupangwa kikapuni. Kazi ya kuipeleka dukani, chini kabisa ya mteremko, ilikuwa ya binti yake wa darasa la sita. Watu walimwita Chapuchapu, maana hakujua kutulia: chai aliinywa amesimama, na viatu alivifunga huku anaruka kwa mguu mmoja kuelekea mlangoni.

Hapo mlangoni mama alimuuliza kila siku neno lile lile.

"Breki?"

"Zinashika!"

Mdogo wake wa darasa la kwanza, ambaye kwa kurudia kila alichosikia alipewa jina la Kasuku, alidakia, "Zinashika!" Ndipo ruhusa ya kuondoka ilipopatikana.

Na kweli zilishika, ila zilikuwa na kelele. Mteremko ule ulikuwa mrefu, mkali, wenye kona mbili, na mwisho wake uliingia barabara kuu ya malori. Chapuchapu alipobana breki, zililia kwiii kutoka juu hadi chini. Wenzake walimngoja kwa hamu langoni mwa shule, hapo hapo chini karibu na duka.

"Jamani pisheni, treni inaingia!"

"Treni gani? Huyo ni mbuzi kakanyagwa mkia!"

Chapuchapu alicheka nao, lakini ndani alikuwa anaungua. Jioni moja akawaza: mlango ukilia si hutiwa mafuta? Akachukua chupa ya mafuta ya cherehani, akadondoshea raba za breki na rimu, mbele na nyuma. Akazungusha gurudumu, akabana. Kimya! Akaenda kulala akijiona fundi.

Kesho yake, kabla ya kona ya kwanza, alibana breki, baiskeli ikaendelea kama haijaambiwa kitu. Akabana kwa nguvu zote. Wapi! Upepo ukamvuma masikioni. Akashusha miguu, soli zikakwaruza lami, na kwenye kona ya pili akajitupa kwenye rundo la mchanga wa waashi. Aliinuka mzima, mikate miwili ikiwa imevingirika kwenye vumbi.

"Imeanguka," alimwambia mwenye duka, basi. Alizisugua breki kwa kitambaa, lakini mafuta yalikuwa yameshanywewa na raba.

Siku nzima darasani hakukaa sawa. Mara agonge kalamu, mara achungulie dirishani. Nikimwambia mama, alifikiri, ataifungia baiskeli stoo, na nitatembea na kikapu kichwani mbele ya wale wa langoni.

Jioni mama aliwapokea akitabasamu. "Kantini ya hospitali imetaka mikate yangu! Kwa hiyo kuanzia kesho sitapata nafasi ya kumpeleka mdogo wako shule. Utampakia kwenye keria, na kikapu tutakifunga mbele."

"Kwenye keria!" Kasuku alipiga kelele, akazunguka chumba kizima akiendesha baiskeli ya hewani.

Chapuchapu akatoka kuitazama baiskeli, akarudi, akatoka tena.

"Una nini wewe? Unaingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu, mama."

Asubuhi mama aliuliza, "Breki?"

Chapuchapu aliinama kukaza kamba ya kikapu. Ni Kasuku aliyejibu, kwa sauti ya furaha, "Zinashika!"

Walifika mwanzo wa mteremko. Mikono midogo ilimkumbatia kiunoni, na shavu likamlalia mgongoni. "Dada, twende kama upepo!"

Mguu ulikuwa tayari juu ya pedali. Chini kabisa lori lilipiga honi. Chapuchapu akaushusha mguu.

"Shuka."

"Tumefika?"

"Hatujafika. Tunarudi."

Walimkuta mama mikono yake ikiwa kwenye unga. "Mama, hazishiki," Chapuchapu alisema kabla hajaulizwa. "Nilizitia mafuta ili zisilie. Jana niliponea kwenye mchanga, nikanyamaza."

Mama aliziangalia soli zilizochanika, kisha akamwangalia Kasuku, akaketi juu ya gunia. Hakugomba. Aliwavuta wote wawili, akawakumbatia hadi sare zikapata alama nyeupe za vidole. Asubuhi hiyo waliteremka kwa miguu, watatu, wakiikokota baiskeli.

Baada ya masomo mama alimpeleka kwa fundi baiskeli. Fundi aligusa raba, akanusa kidole. "Nani kaikaanga hii baiskeli?"

"Mimi," Chapuchapu alisema.

"Breki kazi yake ni kusugua, mwanangu. Ukizitelezesha zitashika nini?" Akainua gurudumu. "Zingekuwa njia za tambarare, ningebadilisha raba, mambo yakaisha. Lakini mteremko wenu ni mrefu. Ukibana muda wote, rimu inapata moto, raba zinaisha haraka, na joto likizidi hata tyubu hupasuka. Nyuma tutasafisha rimu na kutia raba mpya. Mbele nashauri breki ya diski. Yenyewe hubana sahani ya chuma katikati ya gurudumu, mbali na tairi."

Alileta diski mbili. Chapuchapu akaidaka ile ndogo iliyong'aa. Mama akachukua kubwa, akaigeuza kama anayekagua trei.

"Mkate uliobanana kwenye bati dogo hukaa na moto. Kwenye trei pana hupoa upesi. Na chuma si hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mama!" fundi alijibu. "Pana ndiyo ya mteremko."

"Tutumie ile pesa uliyoniwekea ya kupaka baiskeli rangi nyekundu," Chapuchapu alimwambia mama, ingawa aliitamani rangi hiyo.

Fundi alibadilisha gurudumu la mbele na uma, yaani chuma kinacholishikilia, kisha akamfundisha: punguza mwendo kabla ya kona, tumia breki zote mbili, bana na uachie.

"Na zikilia?"

"Zikilia njoo uniambie. Usizizibe mdomo."

Asubuhi iliyofuata mama alisimama mlangoni. "Breki?"

"Zina—" Kasuku alianza, dada yake akamfunika mdomo. Akaisukuma baiskeli, akabana ya mbele, akabana ya nyuma. Ikasimama tuli.

"Zinashika."

Mama alimtengeneza kola. "Mafuta uliyatia kwa kutojua, na kutojua hakukunitisha. Kilichonitisha ni ile siku nzima uliyojua ukanificha. Breki zilikuwa zinalia ziangaliwe. Nawe ukiwa na jambo, mwanangu, lia nisikie. Hata kama nimeshika unga."

Waliteremka taratibu, bana, achia, bana, achia. Breki hazikutoa hata mnong'ono. Lakini Kasuku, aliyeukosa wimbo wa breki wa siku zote, alipanua mdomo huko nyuma: "Kwiiiii!"

"Treni imerudi!" walipiga kelele wale wa langoni.

"Na leo ina abiria!" Chapuchapu alijibu, akasimama pale pale alipotaka.