Glasi ya Kuongeza Damu

"Umempima mwanangu bila kuniuliza?"

"Sijampima, mpenzi. Nimepima afya ya darasa lao zima shuleni, yeye nikampita kwa sababu hujatoa ruhusa. Lakini macho ninayo."

Fundi makochi aliuweka mkasi juu ya kitambaa. Mbele yake, katikati ya karakana inayonuka gundi, alisimama nesi, mchumba wake, bado amevaa sare. Harusi yao ilikuwa mwezi ujao.

"Umeona nini?"

"Macho madogo. Mdomo wa juu mwembamba, na kile kifereji cha chini ya pua hana, pako bapa. Halafu ukimfundisha jambo leo, kesho limeyeyuka. Mwalimu anamchapa akidhani ni uvivu. Uso peke yake hautoshi, lazima daktari amwone. Ila naogopa alidhurika na pombe akiwa tumboni."

Fundi alicheka kicheko kikavu.

"Mama yake hakuwa mlevi. Siku hizi unamwonea wivu hata marehemu?"

Neno hilo lilimchoma nesi, maana halikuwa uongo mtupu. Tusifichane, alikuwa anaolewa kwenye nyumba yenye mke. Yule mama alifariki akimzaa Kidege, kama walivyomwita mtoto kwa kutotulia kwake, lakini sauti yake ilibaki kwenye simu ya fundi na mtoto aliidai kila jioni. Nesi akienda kuwatembelea, humsikia marehemu akiongea sebuleni: "Mume wangu, usichelewe, nakusubiri tule." Mwili ulimsisimka kila mara, na kila mara alijikuta anatazama mlangoni.

Jioni ile nesi alipofika kwake alikuta ujumbe wa fundi: "Usije tena nyumbani. Harusi tuiache kwanza."

Alilia, akanawa uso, akajibu: "Niache mimi, sawa. Mtoto mpeleke."

Kesho yake alipigiwa simu na namba asiyoijua. Alikuwa bibi yake Kidege, mama mzazi wa marehemu, aliyemlea mtoto tangu siku ya kwanza.

"Njoo hapa unieleze mbele ya mkwe wangu."

Aliwakuta wote sebuleni. Kidege alikuwa chini ya meza, anafumua uzi wa mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko kaburini, hawezi kujitetea. Wewe ndiye unayemwita mlevi?"

"Hapana, mama. Nauliza tu kama alikunywa pombe yoyote alipokuwa mjamzito, hata kidogo. Tunamuuliza kila mzazi."

"Hakuwahi kukanyaga baa. Damu ilimpungua, basi, nikamtibu mwenyewe. Glasi ya bia nyeusi kila jioni. Hakuipenda hata kidogo, nikawa namsimamia mpaka amalize. Hiyo ni dawa ya kuongeza damu. Hata mimi mama yangu alinipa."

Alisema kwa fahari, kifua mbele. Fundi aligeuka taratibu kumtazama nesi, na nesi akainamisha kichwa. Ushindi ulikuwa mikononi mwake na hakuutaka.

"Mbona mnatazamana hivyo?"

"Mama," nesi alisema polepole, "haiongezi damu. Ni pombe kama pombe nyingine. Mama akinywa, mtoto naye amekunywa. Wengi waliambiwa kama wewe. Hukujua."

Bibi alishika ukingo wa meza.

"Alikuwa ananiambia, 'Mama, inanichefua.' Nikamwambia mimba haina adabu, kunywa. Namsikia sasa hivi, kama yuko hapo."

Hakuna aliyethubutu kutazama alipoonyesha.

Fundi alimtoa Kidege chini ya meza, akampakata.

"Mpime," alimwambia nesi.

"Siwezi. Nitamwita mwenzangu. Kazini hatupimi watoto wetu."

"Wetu?"

"Au umeniacha kweli?"

Fundi alitikisa kichwa, machozi yakimdondokea mtoto kwenye nywele.

"Nilikutukana kwa kinywa cha mtu anayeogopa. Nisamehe."

Daktari alithibitisha. Dawa ya kuponya haipo, lakini mwalimu aliweka fimbo chini, akawa anampa Kidege jambo moja moja na kulirudia bila kuchoka. Harusi ilifungwa, ndogo, na bibi ndiye aliyemkabidhi nesi mkono wa mtoto.

Jioni ile ya harusi, wageni walipoondoka, bibi alipiga magoti mbele ya mjukuu wake.

"Nisamehe, mjukuu wangu."

"Umefanya nini, bibi?"

"Nilikuumiza kabla hujazaliwa. Sikujua, lakini ni mimi."

"Haya, nimekusamehe," Kidege alisema, akakimbilia maputo.

Bibi alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu siku ile ya sebuleni. Asubuhi alimkuta mtoto jikoni, anakunywa chai.

"Unakumbuka tulichozungumza jana, mimi na wewe?"

Kidege alifikiri kwa bidii, uso wote umekunjamana.

"Jana tulizungumza nini, bibi?"

Bibi alivuta kiti, akakaa, akaanza upya.