Shule Ilihamia Chumbani kwa Wacuka

Mtaa wetu wa Kware hauna siri. Kuta za ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, ni nyembamba na ngazi ni moja. Mtoto akikataa uji ghorofa ya tano, sisi wa ghorofa ya tatu tunajua. Kwa hiyo haya ninayowasimulia sikuletewa na mtu. Mlango wangu unatazamana na mlango wa Marion, na mengine niliyaona kwa macho yangu.

Marion ni mtu wa Kimilili, mpole, na mkono wake wa chapati unajulikana mpaka ploti za jirani. Huzipika hapo chini langoni, mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni Patrobas, aliyepewa jina la babu yake. Wakati huo alikuwa na miezi saba na mashavu kama maandazi. Dada yake, Annah, alikuwa gredi ya pili. Baba yao, Opicho, hufanya kazi kiwandani. Kwa sauti hana mpinzani ploti nzima. Akisema "niaje" huku juu, mtu wa barabarani huitikia.

Siku moja tulisikia kwamba watoto watatu wa gredi ya pili wana surua. Kesho yake wakawa watano. Basi, ploti haikulala. Surua si ugonjwa wa mchezo. Kuna mama hapa kwetu aliyezika mtoto kwa surua, na hatujasahau siku ile. Wazazi waliogopa, na mimi siwacheki kwa hilo.

Wakaenda langoni mwa shule, Opicho mbele. Mwalimu mkuu, Bwana Ndirangu, aliwaomba wangoje kidogo. Maafisa wa afya ya umma walikuwa njiani, na wao ndio wangeshauri la kufanya. Nani wa kungoja? Wengine walimwambia anapenda mitihani kuliko watoto.

"Mwalimu, funga shule," Opicho alisema. "Mtoto wangu hatakaa chumba kimoja na surua."

Wakawatoa watoto wao mmoja mmoja. Kufikia mchana, walimu walibaki wakitazamana na madawati. Mwalimu mkuu akafunga lango, si kwa kupenda. Opicho alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku mbili za kwanza watoto walishangilia. Walicheza kwenye ngazi mpaka mlinzi wa ploti akawafukuza. Halafu wazazi wakaanza kuwaza masomo. Mzazi wa huku anaweza kulala njaa. Lakini asikie mtoto wa jirani anasoma na wake hasomi? Hapo usingizi hauji. Wakamwendea Wacuka, jirani yetu hapa plotini.

Wacuka aliwahi kufundisha nasari kabla ya kuolewa na Ng'ang'a, fundi wa viatu vya ngozi kule Kariokor. Ana roho nzuri na hajui kukataa. Wakamwomba awape watoto tuisheni, naye akakubali. Kitanda kikasimamishwa ukutani. Watoto wapatao ishirini wakaketi sakafuni, goti kwa goti. Dirisha la chumba ni moja, na alilifunga kwa sababu ya vumbi na kelele za barabarani. Asubuhi tuliwasikia wakiimba hesabu, tukafurahi. Tulimsifu Wacuka, tukasema serikali imlipe mshahara.

Mwanawe Ngigi, aliyesoma darasa moja na Annah, alikuwa akikohoa. Pua ilitiririka na macho yalikuwa mekundu. Wacuka alidhani ni mafua. Nani asingedhani hivyo? Msimu ule wa baridi nusu ya ploti ilikuwa na mafua. Baada ya siku chache vipele vikatokea nyuma ya masikio ya Ngigi, vikashuka usoni na kifuani. Wacuka alivunja tuisheni siku hiyohiyo. Lakini watoto wote walikuwa wameshavuta hewa ya chumba kile.

Wiki iliyofuata Annah alianza homa na kikohozi. Kesho yake macho yake yalikataa mwanga. Marion aliketi ukingoni mwa kitanda akiwatazama wanawe wawili. Wanalala kitanda kimoja. Chumba ni kimoja, wangelala wapi? Annah alikuwa amemkumbatia mdogo wake usiku kucha.

Marion aliniita chumbani kwake. Annah hakuwahi kuchanjwa surua. Walihama kutoka Kimilili alipokuwa mdogo, na katika hekaheka za kutafuta kazi na nyumba, chanjo ikasahaulika. Patrobas naye alikuwa hajafika miezi tisa, umri wa chanjo ya kwanza ya surua. Hakuwa na kinga yoyote. Marion alijua, na mimi nilijua, kwamba surua huwaua watoto wachanga kama yule.

Nikashuka mbio kumwita Sista Wakiuru wa ghorofa ya pili. Yeye ni muuguzi wa zahanati, na siku hiyo alikuwa hajaenda zamu. Tulipopanda tulimkuta Opicho akijaza nguo za mtoto kwenye mfuko. Alisema Patrobas na mama yake wapande basi waende kwa nyanya, Kimilili, mbali na ugonjwa.

"Baba Annah, weka mfuko chini kwanza," Wakiuru alisema. "Kwa nyanya kuna watoto?"

"Wamejaa. Boma zima."

"Kama Patrobas ameshaambukizwa, utakuwa umewapelekea surua."

"Sasa nikae naye hapa afe?"

Sauti yake ilikatika. Hatukuwa tumewahi kumsikia Opicho akizungumza kwa sauti ya chini. Marion akaanza kulia.

Wakiuru akaketi karibu nao. Akaeleza kwamba mtoto aliyekaa na mgonjwa wa surua akichanjwa haraka, ndani ya siku tatu, chanjo inaweza kumkinga au kupunguza ukali wa ugonjwa. Kwa kawaida mtoto husubiri miezi tisa. Lakini kwa kuwa kulikuwa na mlipuko, wakuu wa afya walikuwa wameruhusu watoto kuanzia miezi sita. Akifika miezi tisa angechanjwa tena, kwa sababu ile ya mapema haitoshi.

"Siwezi kukuahidi kwamba hataugua," akasema. "Naweza kukuahidi kwamba tukienda sasa hivi tumempa nafasi."

Tukaenda wote zahanati. Annah aliwekwa nje, mbali na watoto wengine, akaonwa hukohuko. Alipewa matone ya vitamini A. Marion akaambiwa ampe vinywaji na chakula mara kwa mara, na amrudishe upesi akipumua kwa shida au akikataa kunywa. Patrobas akachanjwa. Alilia mpaka zahanati nzima ikajua ni mtoto wa Opicho.

Tukingoja kwenye benchi, Opicho alimuuliza Wakiuru jambo lililokuwa likimkaba. Shule ilifungwa. Surua ilipitia wapi?

"Ilipitia chumbani kwa Mama Ngigi," Wakiuru akajibu. "Mliwatoa watoto kwenye darasa lenye madirisha mengi, mkawaweka kwenye chumba chenye dirisha moja. Surua husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa akatoka, hewa ile bado inaambukiza kwa muda."

"Kwa hiyo tulikosea kufunga?"

"Mlikosea kutongoja. Wenzangu wa afya wangekuja, wangewachanja watoto palepale shuleni. Wagonjwa wangekaa nyumbani mpaka siku nne zipite tangu vipele vitokee. Wasiochanjwa nao wangengoja nyumbani. Wengine wangeendelea kusoma."

"Basi shule haifungwi kamwe?"

"Hufungwa, baba. Kama maji ya shule yameingiwa na uchafu wa choo na watoto wanahara, hufungwa mpaka maji yawe safi. Kama walimu na watoto wengi ni wagonjwa na hakuna wa kufundisha, hufungwa. Kama umekuja ugonjwa mpya na bado hatujui namna ya kuuzuia, hufungwa. Lakini wanaoamua ni watu wa afya na wa elimu, baada ya kuangalia ugonjwa ni upi na unaenea vipi. Na ikifungwa, kila mtoto akae kwao. Tukiwakusanya tena mahali pengine, hatujafunga kitu."

Baada ya siku mbili ulikuwako mkutano wa wazazi, shuleni, uwanjani. Afisa wa afya ya umma alieleza mpango, na mwalimu mkuu akauliza kama kuna mzazi mwenye neno. Opicho akasimama. Alisema yeye ndiye aliyepiga kelele zaidi ya wote langoni, na sasa binti yake ana surua. Akawaomba wazazi walete watoto wachanjwe. Alimwomba Bwana Ndirangu radhi mbele ya watu, na mwalimu akampa mkono.

Shule ikafunguliwa wiki hiyo. Wachanjaji walikaa chini ya paa la bati la jiko la shule, na foleni ikafika barabarani. Madirisha ya madarasa yaliachwa wazi, hata watoto walipolalamika baridi. Kila asubuhi mwalimu alisimama langoni. Mtoto mwenye homa au macho mekundu alirudishwa nyumbani kwa upole. Wagonjwa wapya walipungua, kisha hawakuwako. Annah alipona, akarudi darasani akiwa mwembamba kidogo.

Kwa Patrobas, ilibaki kungoja. Wakiuru alisema wamwangalie kwa wiki tatu. Kila asubuhi Marion alimgeuza kwenye mwanga, akamtazama nyuma ya masikio. Hakuuza chapati siku zile. Opicho alipotoka kazini hakusalimia mtu barabarani, alipanda moja kwa moja kumgusa mtoto paji la uso.

Wacuka hakuonekana. Ngigi wake alikuwa amepona, lakini yeye alijifungia. Alitoka kuteka maji tu, kichwa chini. Kwenye ngazi baadhi ya watu walimsema, wakiwemo walewale waliompelekea watoto. Hilo liliniudhi, nami niliwaambia.

Wiki ya tatu ilipokwisha, Wakiuru alimpima Patrobas na kusema hatari imepita. Marion hakushuka kwenda kuwasha jiko lake. Alikwenda mlangoni kwa Wacuka, akabisha mpaka ukafunguliwa. Wacuka alipomwona mtoto alirudi nyuma, akaficha mikono yake ndani ya leso aliyojifunga.

"Mama Annah, usimlete karibu nami," alisema. "Mimi ndiye niliyekaribia kumuua."

"Sisi ndio tuliokuletea watoto," Marion akasema. "Ulitusaidia tulivyokuomba. Sote hatukujua. Sasa tunajua."

Kisha akamweka Patrobas mikononi mwake. Wacuka alimshika kwa woga, kama mtu asiyewahi kulea. Mtoto akamvuta sikio, akacheka. Wacuka akaketi chini pale mlangoni naye mapajani, akalia, na hakuna aliyemharakisha.