Mwenyewe: Hakuna

Alhamisi, saa nane mchana, jua limesimama utosini, Mama Stoo alikuwa amepiga magoti sebuleni akifunga boksi la sufuria, mara akasikia selotepu ikivutwa chumbani. Kraaa. Ikakatwa. Kraaa, tena. Sauti ile haikosei mtu, na yeye aliyekuwa akiisikia tangu Jumatatu angeijua hata usingizini. Tatizo lilikuwa moja tu: nyumba nzima ilikuwa na selotepu moja, na hiyo aliivaa mkononi kama bangili.

"Nani huko?" akauliza.

Mtu mwenye akili zake angetoka mbio mpaka barabarani. Yeye akanyanyuka kwenda kuangalia, kwa sababu hakuna kitu kilichomkera duniani kama kazi kufanyika bila yeye kuisimamia.

Jina la Mama Stoo alipewa kazini. Mwaka wa kumi na moja huu anatunza stoo ya hospitali, na katika stoo yake hata ufagio una karatasi yake, mistari mitatu: kitu, idadi, mwenyewe. Kikikaa mwezi mzima bila mtu kukidai, mstari wa tatu unaandikwa HAKUNA, kinakwenda kuchomwa. Wauguzi walimtania kwamba wakisinzia kwenye zamu atawabandika na wao. Alicheka kidogo tu, maana kwa kweli aliona ni wazo zuri.

Sasa alikuwa anahama, peke yake, kwa ajili ya mtoto. Mumewe aliondoka miaka miwili iliyopita, na mama mkwe akaja kumchukua mjukuu. "Mtoto hawezi kulala kwenye unyevu huu," alisema, akigusa ukuta kwa kidole kimoja. "Ukipata mahali pa maana, nitamrudisha mwenyewe." Basi Mama Stoo akajinyima, akajibana, akafunga mkaja, mpaka akapata nyumba ya vyumba viwili yenye madirisha makubwa. Jumamosi saa nne asubuhi bibi angemleta mtoto, wapande lori pamoja na vyombo. Mtoto alikuwa na miaka tisa, na kwa pengo lake la mbele walimwita Kijino. Kila jioni alipiga simu: "Mama, yamebaki maboksi mangapi?"

"Machache, mwanangu. Machache kuliko jana."

Kilichomponza ni usafi. Chini ya ngazi palikuwa na kijistoo, na ndani yake kigoda cha mbao nyeusi. Siku ya kwanza kabisa mwenye nyumba, bibi kizee aliyekaa ua wa pili, alimwambia: "Mwanangu, humo weka utakacho. Ila kigoda hicho kiache hapo hapo. Kina mwenyewe." Miaka sita kikakaa, na ajabu yake hakikushika vumbi hata siku moja. Jumatano hii Mama Stoo akakifikia. Nyumba aliahidi kuirudisha tupu, naye tupu yake ni tupu kweli.

"Mwenyewe gani asiyeonekana miaka sita?" akasema kwa sauti, na wala hakwenda kumuuliza bibi kizee. Sikio la kufa halisikii dawa. Akachukua karatasi akaandika: kigoda, kimoja, mwenyewe hakuna. Akakitoa nje. Mzoa taka alipokibeba kukipandisha kwenye mkokoteni, mishipa ya shingo ilimtoka.

"Kizito hiki, mama! Utadhani mtu kakikalia."

"Kaza mikono, baba. Mnapenda sana kulalamika."

Sasa ile Alhamisi alipoingia chumbani hakukuta mtu. Alikuta harufu, tamu ya kuzidi, kama manukato yaliyomwagika, na chini yake harufu ya nywele zilizoungua. Katikati ya kitanda palikuwa na boksi limefungwa vizuri, kona zimekazwa kama anavyokaza yeye. Juu yake karatasi, kwa mwandiko wake, hata ile r yake iliyolala: viatu, jozi moja, mwenyewe hakuna. Akalipasua. Ndani mlikuwa na viatu vyake vya kahawia, vile vya kutokea.

"Nimechoka mimi," akajiambia. "Nimefunga na kusahau." Akaviweka mlangoni avipige rangi baadaye.

Hazikupita dakika kumi akamwona msusi, jirani yake wa mlango wa pili, anapita navyo mguuni.

"We dada! Viatu vyangu hivyo."

Msusi akasimama, akavitazama, akamtazama na yeye. Hakuwa na uso wa mwizi. "Vyako? Mama Stoo, jamani, hivi nilinunua mwenyewe. Si nilikuonyesha?" Akacheka kwa huruma. "Pumzika, ndugu yangu. Kuhama kutakuua." Akaenda zake. Mama Stoo akabaki mlangoni mikono kiunoni, akiwa na hasira zaidi kuliko hofu, na hapo ndipo alipokosea mara ya pili.

Ijumaa asubuhi alikuta boksi jingine mezani. Koti la kazi, moja, kitambulisho, kimoja, mwenyewe hakuna. Akalipasua kwa meno, akavaa koti, akaning'iniza kitambulisho shingoni, akaenda kazini akitembea haraka. Getini alisimama mlinzi yule yule wa miaka kumi na mmoja, mtu ambaye Mama Stoo alimwuguzia mke, aliyekula chakula chake mara ngapi.

"Shikamoo, mama. Wagonjwa ni mlango ule pale."

"Mgonjwa nani? Nifungulie, nimechelewa."

Mlinzi akakishika kitambulisho, akakigeuza, akasoma, kisha akamvua shingoni taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. "Hiki umekiokota wapi, mama yangu? Kitu cha watu hiki. Na koti pia, tafadhali." Watu wa foleni wakageuka kutazama. Akavua koti pale pale, akarudi nyumbani na gauni la ndani likionekana begani.

Sasa hofu ikamwingia sawasawa. Alifungua mlango akasikia kraaa toka sebuleni, polepole, ya mtu asiye na haraka, na harufu ile ikampokea puani mpaka akakohoa. Katikati ya sakafu palikuwa na boksi dogo lililo wazi. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki ya Kijino, daftari lake la darasa la kwanza, na jino lake la mbele ndani ya karatasi ya peremende. Juu pameandikwa: mtoto, mmoja. Mwenyewe: na baada ya hapo pakaachwa wazi.

Akajitupa juu ya kalamu. Akaandika Mama yake, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka, na wino ukateremka ukadondoka sakafuni, mstari ukabaki mweupe. Akaandika tena. Ukadondoka tena. Mara ya tatu akasikia mtu akivuta pumzi nyuma ya sikio lake, pumzi ya moto, kisha sauti. Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Nipishe nikae," ikasema.

Alikimbia kwa mwenye nyumba bila viatu. Bibi kizee alipomsikiliza mpaka mwisho hakumfariji hata kidogo.

"Kigoda kiko wapi?"

"Nilimpa mzoa taka."

"Na mzoa taka?"

Mama Stoo alikuwa ameshapita kwake njiani. Mke wake ndiye aliyefungua: kigoda kilipasuliwa kuni jana yake, na mumewe tangu hapo amelala, anaulizwa jina lake anacheka tu.

Bibi akafumba macho. "Miaka sita ulikaa na jini hakukuvunjia hata kikombe," akasema. "Ningemkosea mimi, ningeona haya."

Mganga walimleta saa tisa mchana. Alikuwa mtu mnene, mwenye mafua, aliyejikuna mgongo kwa rula ya shule. Alivuka kizingiti kwa mguu mmoja, akanusa, akaurudisha mguu nje.

"Mfukuze, baba," Mama Stoo akanong'ona. "Nakuomba. Mwanangu anakuja kesho saa nne."

"Nimfukuze mara ngapi? Si umeshamfukuza wewe?" Mganga naye alinong'ona, akitazama ndani juu ya bega lake. "Kuna majini yaliyovamia watu. Hili limevamiwa. Lilikuwa na mahali pake, likakaa kimya, ukaandika kwamba halipo. Sasa halina pa kukaa, nalo litakaa."

"Kwa mtoto?"

"Mstari ule ameuacha wazi ili akuone unavyotapatapa. Kesho jua likichomoza ataujaza. Ukishaandikwa, mtoto atapita hapa duniani bila mtu wa kumwita wangu. Bibi yake hatamjua, baba yake hatamjua. Umeona viatu."

"Basi nifanye nini?"

Mganga akapenga kamasi, akakunja leso. "Mpe kiti kingine kabla hajachukua hicho. Kiwe kikubwa kuliko mtoto, na ukiandike wewe, kwa mkono wako. Zaidi ya hapo sijui, na malipo yako sitaki." Akaenda akigeuka nyuma kila hatua ya tatu.

Kikubwa kuliko mtoto! Alizunguka kati ya maboksi yake thelathini na mawili, kila moja na karatasi yake, akitafuta. Kabati? Kitanda? Shamba hana, nyumba hana. Simu ikalia.

"Mama, yamebaki maboksi mangapi?"

"Moja," akasema.

"Bibi amenisuka. Utanijua kweli?"

"Nitakujua, mwanangu. Hata wangekunyoa nitakujua."

Alipokata simu alikuwa ameshaamua, na tuseme haki yake, hakusita. Alikaa sakafuni, akachukua karatasi mpya, akaandika kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika: mwanamke, mmoja, mwenyewe hakuna. Wino haukudondoka. Alidhani atakufa, na alikuwa amejiandaa kufa, akasema kama ni kufa mtoto atakwenda kwa bibi yake na atapendwa. Akaibandika karatasi kifuani pake, akafumba macho, akangoja maumivu, na maumivu hayakuja, ila harufu ile ilizidi kuwa tamu, ikamjaa kinywani, na kitu kizito sana kikamkalia mapajani taratibu, kikajiweka sawa, kama mtu aliyesimama siku tatu na sasa amepata pa kupumzisha mgongo.

Hakukumbuka usiku. Jua lilimkuta ameketi nje ya geti, chini, miguu imenyooshwa. Alijikokota hadi dirishani akaliona boksi dogo la mtoto, na mstari wa tatu ulikuwa umejazwa: Mama yake. Akarudi getini akaketi, akashukuru Mungu kwa sauti. Akalia, akacheka, akajipangusa uso. Alikuwa hai, na mtoto ana mwenyewe!

Lori lilifika saa tatu na nusu. Dereva alimwambia, "Mama, sogea kidogo, nisikukanyage," akaingia ndani, na ndani akasikika akisalimiana na mtu. Mama Stoo akainuka. Alisikia sauti yake mwenyewe ikimwelekeza dereva: sufuria nyuma, godoro juu, taratibu na hilo. Hakuna sentensi hata moja ambayo yeye asingeisema.

Saa nne kamili bibi akafika na Kijino. Nywele zilikuwa zimesukwa vizuri sana.

"Kijino!" Mama Stoo akafungua mikono. "Mwanangu!"

Mtoto akarudi nyuma, akamshika bibi yake mkono. Lakini alikuwa mtoto mwenye adabu. "Shikamoo, mama," akasema. "Samahani, mama yangu yuko ndani?"

"Ni mimi. Nitazame. Ni mimi, mama!"

"Huyu naye katokea wapi?" bibi akasema, akimvuta mjukuu upande wa pili. Na hapo mlango ukafunguliwa akatoka yeye, mwenye uso wake, gauni lake la bluu, kovu lake la kidevuni, ila aliyelala vizuri kuliko alivyolala yeye miaka miwili hii. Akachuchumaa, akafungua mikono, na mtoto akamkimbilia, akaangua kicheko, akamnusa shingoni. "Mama, unanukia vizuri!" Mama mkwe mwenyewe, ambaye hajawahi kumsifu kwa lolote, akatabasamu akasema nyumba nzima umefunga peke yako, hongera mwanangu.

Mama Stoo alipiga kelele mpaka koo likakauka. Watu walipita wakampisha. Msusi alimwonea huruma, akamtupia kanga kuukuu. Lori likapakiwa, mlango wa nyumba ukafungwa, injini ikawashwa. Kabla ya kupanda, yule mwenye uso wake aliinama akamnong'oneza mtoto sikioni, na Kijino akaja mbio hadi getini, mikono miwili imeshika kikombe cha maji, asimwage hata tone.

"Pole, mama," akasema, akimtazama usoni kwa macho yale yale aliyoyazaa yeye. "Mama amesema unywe. Na kikombe usiturudishie."