Sindano Iliyosubiri Barua

Asubuhi hiyo, ndugu zangu, Tukuyu ilikuwa na manyunyu yake ya kawaida, na kliniki ya afya ya akili ilikuwa imetulia. Siham, nesi pekee wa hapo, alikuwa bado hajamaliza chai yake. Mtu mwema Siham, tena mchapakazi. Lakini alikuwa na rejista tatu za kujaza kwa mkono, kisha yale yale ayaingize kwenye kompyuta, na taarifa ilitakiwa mkoani kabla ya adhuhuri.

Akaingia Tulia kutoka Kisondela, amemshika mkono mumewe, Jairo. Kwa miaka mingi sindano ya kila mwezi ilimweka Jairo sawa: analima, anaimba kwaya, anacheka na watoto wake. Ile ya mwezi uliopita aliikosa, kwa kuwa siku yake iliangukia siku ya ukaguzi na kliniki ikafungwa.

"Sista, hali si nzuri," Tulia alisema kwa sauti ya chini. "Jana amekata migomba yote, hata michanga. Anasema inamsengenya."

Siham alifungua faili. "Barua yake ya rufaa imeisha muda, dada. Bila mpya kutoka zahanati yenu siruhusiwi kumchoma."

"Si unamjua lakini?"

"Mimi namjua. Wakaguzi hawamjui."

Tulia akapanda bodaboda kurudi Kisondela. Jairo akaachwa kwenye benchi, mbele ya macho ya Siham. Macho gani, jamani? Macho yalikuwa kwenye rejista. Alipoinua kichwa, benchi lilikuwa tupu.

Alinyakua sindano na dawa, akakimbilia sokoni, kulikosikika kelele. Jairo alikuwa amechukua panga la muuza ndizi, anakata mikungu huku analia. Vijana walishaokota mawe.

"Msimpige, ni mgonjwa wangu," Siham alisema, akajipenyeza katikati yao. "Kaka Jairo, ni mimi, Siham. Niangalie."

Jairo alimwangalia. Panga likaanza kushuka. Wakati huo huo jiwe likapita kando ya ushungi wa Siham, likampata Jairo jichoni.

Siham alimchoma sindano pale pale, nyuma ya magunia ya parachichi, akina mama wawili wakiwa wamewakinga kwa khanga. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi. Siham alilia kwa uchungu na kwa hasira.

Tulia alirudi mchana, amelowa chapachapa, barua ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isiguswe na mvua.

"Hii hapa, sista. Ina mhuri." Kisha akamwona mumewe, kichwa chote bandeji.

Siham hakuweza kunyoosha mkono kuipokea.

MAFUNZO

Dawa ile imenunuliwa kwa kodi zetu, basi isifungiwe nyuma ya makaratasi. Mgonjwa anayejulikana atibiwe kwanza, barua ifuate; na jina lake likiandikwa mara moja, inatosha. Ninyi mnaotunga fomu mpya kila mwaka, kumbukeni kwamba muda wa kuzijaza unakatwa kwenye muda wa mgonjwa. Nasi wa sokoni, tuulize kabla ya kuokota jiwe.

Jairo amepona na amepanda migomba upya. Anaipalilia vizuri tu, kwa jicho moja.