Ngoma Isiyo na Kiungo

Laurian aligonga ngoma ya tatu kwa kifundo cha kidole, akaondoa mkono, nayo ikaendelea kulia.

Ilikuwa mchana wa jua kali, katika karakana ya fundi Sixbert nyuma ya stesheni ya Itigi. Ngoma tatu zilining'inia kwenye boriti, bado hazijavikwa ngozi wala kufungwa zile nyaya za chini zinazotetema ngoma ikipigwa, ili mnunuzi asikie mbao peke yake. Laurian alikuwa amepunguzwa kazi pale shirika lililomwajiri lilipouzwa. Sasa alikuwa anaunda bendi ya harusi, na hakutaka ngoma ya kubahatisha.

"Ya kwanza plaiwudi," Sixbert alikuwa amemweleza. "Tabaka juu ya tabaka, gundi katikati. Gundi inakula mlio. Inasema ta, imekwisha. Hii ya pili ni vipande vya mninga, vimeungwa kama pipa. Sikia. Mnene, unafika mbali, halafu unaondoka kwa adabu."

Ya tatu ilikuwa gogo zima lililochimbwa ndani. Haikuwa na kiungo hata kimoja, na mlio wake ulikuwa bado unazunguka humo.

"Nataka hii," alisema Laurian.

"Hiyo haiuzwi."

"Mbona umeitundika?"

"Naogopa kuiweka chini. Ule mti wenzangu walikataa kuugusa, mimi nikawacheka. Una mwenyewe anayekaa ndani yake, kijana. Mbao zilizoungwa zina pa kupumulia. Hilo gogo halina. Kinachoingia kinabaki naye."

"Fundi, mimi si wa kutishwa na kuni. Unapandisha bei kwa hadithi. Sema unataka ngapi!"

Sixbert aliikata kamba kwa hasira, akamsukumia ngoma kifuani. "Sitaki kitu! Chukua bure, mbishi wewe. Ila ikigonga, asiitikie mtu."

Laurian akaenda zake akicheka. Akaivika ngozi ya mbuzi, akafunga nyaya, akaiegesha kwenye kizingiti cha nyumba yake, kisha akaenda uani kunawa gundi mikononi.

Mkewe, Dorkas, alikuwa ndani akisonga ugali, ameupa mlango mgongo. Akasikia ko, ko, ko.

"Karibu, pita ndani," alisema bila kugeuka, kama ambavyo angesema mwanamke yeyote mwenye adabu zake.

Laurian aliingia akijifuta mikono. "Nani kaja?"

"Si wewe uliyegonga?"

Laurian aligeukia ngoma pale kizingitini. Nyumba ilikuwa imejaa harufu ya gome bichi, gome la mti uliokatwa sasa hivi huku maji yakiutoka, na huo ulikuwa mwezi ambao hata majani ya uani yalivunjika ukiyakanyaga.

Kwenye mkeka, binti yao Faith, mtoto ambaye hata kusimama alikuwa hajaanza, aliamka na njaa. Akafungua mdomo kulia. Machozi yakatoka, miguu ikapiga mkeka. Sauti haikutoka.

Nyaya za ngoma zikaanza kutetema.

"Baba Faith," Dorkas alinong'ona. "Baba Faith, sikiliza."

Mtoto alikuwa analia ndani ya ngoma. Kilio kilikuwa chake kabisa, na kile kikwikwi chake cha katikati, ila kilianzia ndani ya mti na kuzunguka humo bila kupungua, na kila kilipozidi kupanda Faith alizidi kuwa wa kijivu, midomo ikakauka, kifua kikatulia, hata Dorkas alipomnyakua akamwona mwepesi kama pumba, na Laurian akaikwapua ile ngoma, ikamchoma mikono kama sufuria, wakatoka mbio kwenye lile jua, mama na mtoto asiyelia mbele, baba na kilio nyuma yao.

Sixbert aliwaona kwa mbali akashusha msumeno ukutani.

"Nani kamkaribisha?"

"Mimi," alisema Dorkas.

"Basi wewe umfukuze. Mimi namchania mlango."

Meno ya msumeno yalipogusa gogo, zile ngoma mbili za juu zikaanza kugongana zenyewe, na unga wa mbao ukatoka umelowa. Dorkas alisimama juu ya ile ngoma, mtoto begani.

"Nilikukaribisha sikujua u nani," alisema, sauti ikitetemeka. Kisha hasira ikampanda. "Mimi sina mgeni kama wewe! Mwizi mkubwa! Umekuta kichanga ndiyo ukamwonea? Toka! Acha cha mwanangu, toka!"

Gogo likapasuka kutoka juu hadi chini. Kilio kikakatika.

Halafu Faith akavuta pumzi, akalia. Alilia kwa mdomo wake mwenyewe, rangi ikimrudi mashavuni, na Laurian akaanguka magotini kwenye unga wa mbao akilia naye. Dorkas alicheka, akaketi kwenye kigoda, akampa ziwa. Mtoto akalidaka, akanyonya kwa pupa, macho yakafumba taratibu.

Kilio kikaendelea.

Hakikutoka mdomoni, maana mdomo ulikuwa umejaa. Kilitoka kifuani mwa mtoto, kikizunguka humo, nacho hakikupungua.

Sixbert, msumeno ungali mkononi, alimtazama mtoto muda mrefu, jasho likimtiririka, kama anavyotazama fundi mbao isiyo na kiungo.

"Fundi," Dorkas alinong'ona, akimfunika binti yake kwa khanga. "Weka msumeno chini."