Farasi Aliyevaa Njuga

Maiti ya Hashmat Mirza ilikuwa imeketi kwenye kiti cha abiria cha gari lake mwenyewe la farasi, mikono magotini, chini ya paa la turubai. Kwa miaka thelathini alikuwa amewazungusha wageni katika bustani ya Sharafat Bagh, mbele ya bwawa la mayungiyungi na chini ya mizambarau, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa upande ule. Nargis, farasi wake jike, alikuwa anatafuna majani kando ya njia. Kila alipoinua kichwa, njuga za shingoni zililia.

Inspekta Vasundhara Bajpai alifika saa mbili kasorobo asubuhi, jasho limeshamlowesha mgongo. Mji wa Lakhnau mwezi wa Juni hauna asubuhi.

"Kesi imekwisha, Afande," alisema Sajini Chhatrapal, mtu wa Jhansi, mchapakazi, mwenye haraka ya kuku wa kutaga. "Kapigwa kisogoni na kitu kizito. Mlinzi wa lango alisikia njuga zake zikiingia saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na mbili na nusu watembezi wakamwona kijana anaruka kutoka garini na kukimbia. Nimeshamtia mahabusu."

"Kijana gani?"

"Mwanawe. Zamin. Juzi waligombana papa hapa mbele ya watu. Mtoto anataka baba amuuze farasi anunue bajaji ya umeme. Mzee akamtukana matusi ya kukaushia nguo."

"Alikimbilia wapi?"

"Langoni. Anapiga kelele za kuomba msaada." Chhatrapal alitabasamu. "Wote hupiga kelele, Afande. Na tazama alichokuwa nacho."

Alifungua mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kanzu nyeusi, imepigwa pasi.

"Nguo ya kubadilisha," alisema. "Ili afiche damu."

Bajpai aliikunjua kanzu. "Zamin ana mwili gani?"

"Mwembamba kama ufito."

"Basi humu wangeingia Zamin watatu. Hii ilimfaa nani?"

Chhatrapal alimtazama marehemu, kitambi chake ndani ya kanzu nyeupe, akafunga mdomo.

Bajpai alipanda kidato cha gari. Aligusa kiwiko cha maiti. Kilikuwa kigumu, hakikunjuki. Kisogo kilikuwa na jeraha la kutisha, lakini kiti kilikuwa kikavu na safi. Mtu aliyepasuliwa kichwa namna ile angelichafua gari lote.

"Daktari anasemaje?"

"Anasema kwa joto hili maiti hukakamaa upesi. Hataapa chochote mpaka amfanyie uchunguzi."

Njuga zililia tena. Bajpai aligeuka polepole akamtazama farasi. Inspekta mwenyewe alizaliwa mtaa wa Chowk, nyumba ya tatu kutoka imambara, ukumbi wa matanga ya Washia, na mama yake, Mbrahmani asiyekula hata kitunguu, kila mwaka aliwatengea waombolezaji mitungi ya maji ya sukari.

"Piga picha hizo njuga," alisema. "Mbele, nyuma, na fundo lake. Halafu mtu asiziguse."

"Njuga, Afande?"

"Njuga, Sajini."

Simu yake iliita. Alikuwa mkuu wake wa kazi. Magazeti yalikuwa yameshapiga simu, na bustani ile ni ya watalii. Alitaka mshukiwa afikishwe mahakamani saa kumi jioni, apelekwe rumande.

"Baba yake anazikwa leo kabla ya magharibi, bwana mkubwa."

"Atazikwa na wengine."

Mkuu alikata simu.

*

Zamin alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, naye amevaa nyeusi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na macho yaliyokwisha kulia. Alipomwona Bajpai hakuuliza dhamana wala wakili.

"Mama, maiti inatolewa saa ngapi?"

"Alasiri. Kwa nini ulikwenda bustanini?"

"Kumpelekea nguo. Jana mwezi uliandama. Kulikuwa na mawingu, tukakaa juu ya paa tumekata tamaa, ikaja kutangazwa saa mbili kasoro. Mama yangu akavunja bangili zake, akatoa nguo nyeusi kwenye sanduku. Baba hakuwepo. Nilimpigia, simu inaita tu. Mara nyingi hulala bandani kwa farasi, kwa hiyo nikasema asubuhi nitamkuta kwenye mzunguko wake wa kwanza."

"Kwa hiyo leo ni mwezi mosi Muharamu."

"Ndiyo."

"Baba yako mwezi huu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Siku kumi za kumlilia Imamu hali tambuu, hacheki, halali kitandani. Alibeba bendera ya mtaa kwenye maandamano tangu kabla sijazaliwa. Tulikuwa hatusemezani. Nilidhani nikimpelekea ile kanzu, tutasemezana."

"Ulimwua?"

"Ningemwua nani nibaki na nani?" Alishika nyavu za mlango. "Nishitakini mnavyotaka. Ninyongeni kesho. Lakini leo mniache nishuke kaburini. Talakini ikisomwa, lazima mtu wake amshike bega, asije akaogopa mle ndani peke yake. Hana mtoto mwingine. Nani atamshika?"

Bajpai aliondoka haraka, maana alikuwa anakaribia kulia, na askari wake walikuwa wanamtazama.

Mezani alifungua jalada. Humo mlikuwa na maelezo ya shahidi mmoja tu wa maana. Nawazish Husein, mwendesha gari la farasi, miaka hamsini na nane, rafiki wa marehemu aliyetumia naye banda moja la farasi ukingoni mwa mto Gomti. Chhatrapal aliyachukua saa moja asubuhi bustanini, shahidi akatia sahihi.

"Alikuwa amevaaje, huyu Nawazish?"

"Kanzu tu, Afande."

"Rangi?"

Chhatrapal alifikiri. "Nyeupe."

Bajpai alisoma maelezo mara mbili. Kisha akasoma mstari mmoja mara ya tatu, akachukua kofia yake.

Saa ya ukutani ilikuwa saba na robo.

*

Banda lilinuka mkojo wa farasi na majani mabichi. Nawazish alikuwa anamnywesha Nargis, aliyekuwa amerudishwa kule baada ya picha. Sasa mzee alikuwa amevaa nyeusi tupu. Alimwinamia Bajpai, mkono kifuani, kwa adabu ile ya watu wa Lakhnau ambao hata wakikufukuza hukuomba radhi kwanza.

"Karibu, binti yangu. Hapa hapana pa kumkalisha mtu wa heshima yako."

"Nitasimama, Ami. Pole kwa msiba."

"Tumekatwa mkono."

"Zamin anakuita ami pia?"

"Nimempakata yule. Nilimfundisha kushika hatamu." Alitikisa kichwa. "Shetani akimwingia kijana..."

"Unaamini ni yeye?"

"Niamini nini tena? Wanasema alionekana."

Bajpai alitoa karatasi. "Nisaidie kidogo. Asubuhi ulikuwa hapa?"

"Nilikuwapo. Hashmat aliamka, akamfunga farasi, akaondoka kumi na moja na kitu. Mimi nikaenda mkahawani kwa madobi wa mtoni. Muulize mtu yeyote pale. Saa kumi na mbili kasorobo nina kikombe mkononi."

"Nimewauliza. Ni kweli. Alivaa nini Hashmat?"

"Ile aliyokutwa nayo."

"Nyeupe."

Mzee alisita. "Nyeupe."

"Na njuga?"

Nawazish aliitazama ndoo.

"Njuga, Ami. Nani alimvalisha farasi njuga?"

"Sikumbuki sawasawa."

"Saa moja asubuhi ulikumbuka vizuri sana. Sikiliza: 'Nilimwona kwa macho yangu akimfunga Nargis njuga shingoni kama kila siku, akanitania, akaondoka.' Sahihi ni yako?"

Nargis alikoroma ndani ya maji.

"Ninyi mwezi ukiandama huvua njuga siku ileile," alisema Bajpai. "Hakuna farasi wa mwombolezaji anayelia njuga mjini humu mpaka matanga yaishe. Mimi ni mtoto wa Kihindu na hilo nalijua tangu sijaota meno. Hashmat, mbeba bendera, mwezi mosi Muharamu anamvalisha farasi njuga? Anavaa nyeupe? Anakutania?"

"Labda hakusikia kwamba mwezi umeandama."

"Kweli. Hakusikia. Kwa sababu saa mbili kasoro, ulipotangazwa, alikuwa ameshakufa. Daktari amenipigia nikiwa njiani. Anasema tangu jana magharibi." Alimsogelea. "Na wewe hukusikia pia. Saa moja asubuhi ulikuwa bado umevaa nyeupe, mji mzima umevaa nyeusi. Ulikuwa wapi usiku mzima, Ami, mahali ambapo hakuna hata jirani wa kukwambia Muharamu imeingia?"

Nyuma yao, Chhatrapal na askari wake walikuwa wanafukua majani makavu kwenye kona ya banda. Mmoja aliita. Chini ya majani udongo ulikuwa umekwanguliwa, na penye nyufa za matofali palikuwa na weusi ambao maji hayakuutoa. Nyundo ya kupigilia viatu vya farasi ilikuwa ndani ya pipa la pumba.

Nawazish hakugeuka kuitazama. Aliweka kiganja kwenye shingo ya Nargis.

"Alizaliwa mikononi mwangu, huyu," alisema. "Mama yake alikufa hapo uliposimama. Nilimnywesha maziwa kwa kitambaa siku arobaini. Wakati ule nilikuwa na farasi wawili na Hashmat hana hata mmoja, nikampa. Nilisema, ndugu yangu, mchukue, fanya kazi. Sikutaka chochote. Nilisema tu, asitoke banda hili."

"Na jana?"

"Jana alikuja anacheka. Akasema kapata mnunuzi. Nikamuuliza nani, akasema mtu wa tanuri la matofali, huko nje ya mji. Binti yangu, umewahi kuwaona farasi wa tanurini? Wanavutishwa matofali juani mpaka migongo inaoza. Anayeanguka hupigwa mpaka ainuke, na asiyeinuka huachwa palepale. Nargis ana miaka kumi na minne! Hajavuta kitu kizito kuliko maharusi!"

"Ukamwomba asiuze."

"Nilimshika miguu. Mimi, mkubwa wake. Akasema, 'Nawazish, ni mnyama tu. Mwanangu ni mwanangu.' Akageuka kumtundikia majani. Nyundo ilikuwa mkononi, nilikuwa natengeneza ukwato." Alivuta pumzi. "Mara moja tu. Naapa, mara moja."

Chhatrapal alikuwa anaandika mbio, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

"Endelea."

"Nilimkalisha garini kabla hajakakamaa. Nilizima simu yangu. Nilikaa naye mpaka alfajiri. Ramdhani wa langoni hatazami, anasikiliza. Akisikia njuga za Nargis hunyanyua kizuizi hata akiwa amesinzia. Nikasema, acha asikie, aseme Hashmat aliingia akiwa hai. Nivae kofia yake, niliache gari kando ya bwawa, nitokee ukuta wa mtoni. Wangedhani ni abiria wahuni. Kuhusu mwezi sikukumbuka kabisa. Miaka yote nimevua njuga kabla ya mtu yeyote."

"Na walipomkamata Zamin?"

Mzee alichambua singa za Nargis kwa vidole.

"Hilo ndilo nisilolielewa," alisema Bajpai, na sasa hasira ilimpanda waziwazi. "Nyundo ni ghadhabu, nitaandika ghadhabu. Lakini ulisimama bustanini, ukamwona mtoto uliyempakata anafungwa pingu juu ya maiti ya baba yake, na ukatia sahihi!"

"Niliogopa."

"Farasi ulimwonea huruma."

Nawazish alinyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu. Chhatrapal alimfunga pingu. Mlangoni mzee aligeuka.

"Nani atampa maji jioni?"



*

Saa kumi kasoro dakika ishirini Bajpai alimpigia mkuu wake, akasikiliza makelele yake yote, akasema "ndiyo, bwana mkubwa" mara nne, na wakati huohuo akamfungulia Zamin mlango kwa mkono mwingine. Alimpeleka makaburini kwa gari la polisi, king'ora kinalia katikati ya soko la Chowk, watu wanaruka pembeni na masinia ya vileja.

Walikuta jeneza limeshawekwa chini. Wanaume waliovaa nyeusi walipasua njia. Zamin alivua viatu akashuka kaburini, na sauti ya shehe ilipoanza kumwita Hashmat kwa jina lake na la mama yake, kijana aliinama akashika bega la baba yake ndani ya sanda, akalitikisa polepole, kama anavyoambiwa afanye. Bajpai alisimama mbali, shungi kichwani.

Baadaye Zamin alimfuata, udongo umemjaa mpaka viwikoni.

"Wamesema ni Ami Nawazish."

"Ndiye."

"Amesema kwa nini?"

Bajpai angeweza kumdanganya. Kesho mahakamani angesikia yote, tena kwa mdomo wa mwendesha mashtaka.

"Baba yako alimpata mtu wa kumnunua Nargis. Nawazish hakutaka."

Zamin alimkodolea macho. "Hapana. Baba alikataa. Juzi alinitukana mbele ya bustani nzima, akasema labda ajiuze yeye."

"Alikutukana juzi. Jana akaenda kutafuta mnunuzi, upate bajaji yako. Alikuja bandani anacheka, Zamin. Alisema mwanangu ni mwanangu."

Kijana aligeuka akarudi kaburini, ambapo watu walikuwa wameanza kumimina maji ya waridi juu ya udongo, akapiga magoti, akauweka mkono wake upande ule lilipokuwa bega.

"Baba," alisema. "Basi sitaki. Sitaki tena."

Watu walimaliza dua wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na yeye bado anasema vilevile.